Macho Mazima, Sinia Nusu

Ilianza na samaki. Mzee mmoja wa mtaani kwetu hapa Lamu, nahodha mstaafu, alirudi nyumbani baada ya kulazwa kwa kiharusi. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito na mguu ukiburuzika kidogo, lakini ulimi mwepesi na kumbukumbu kali: madeni ya watu ya mwaka juzi anayo yote kichwani. Akawekewa sinia yake ya wali wa nazi na samaki wa kupaka. Akala upande wa kulia mpaka chuma kikaonekana, kisha akaisukuma sinia na kuuliza mbona siku hizi anapunjwa. Upande wa kushoto wali ulikuwa bado unafuka moshi, na samaki hajaguswa.

Mkewe alidhani anadeka. Mwanawe akasema ni macho. Barazani nilisikia tafsiri nyingine tatu: kwamba amerudi utotoni, kwamba ni jeuri ya unahodha, na ya tatu, iliyosemwa kwa sauti ya chini, kwamba kuna mtu kamfanyia jambo. Wenye pesa wakachanga. Miwani ikanunuliwa. Sinia ikabaki nusu.

Naandika kwa sababu ya miwani ile. Tunajua kwamba kiharusi hupooza mkono na kufunga ulimi. Lakini kwamba kinaweza kumwacha mtu na macho mazima kabisa na bado kikamnyang'anya nusu ya kile kilicho mbele yake, hilo wengi hatujaambiwa, hata na waliotuhudumia wodini.

Tuanze na jicho. Jicho ni kama mvuvi: kazi yake ni kuleta samaki gatini. Samaki aliyeachwa gatini hajawa kitoweo. Lazima apokewe, apimwe, aitwe jina, huyu changu, huyu tafi, halafu apelekwe anakohitajika. Kazi hiyo yote hufanywa na ubongo. Mvuvi akiwa mgonjwa, tatizo ni la macho, na miwani au upasuaji wa mtoto wa jicho unaweza kusaidia. Mvuvi akiwa mzima na gati ndilo lililobomoka, unaweza kumnunulia mvuvi nyavu mpya kila wiki na jikoni kusifike kitu. Hali hii ya pili ndiyo ninayoiita hapa hitilafu ya utambuzi: habari inaingia kupitia macho, masikio au ngozi, lakini ubongo unashindwa kuipokea, kuipanga au kuijua ni nini.

Chanzo kikubwa ni kiharusi, yaani mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka. Lakini kichwa kilichogongwa katika ajali ya pikipiki, kwenye barabara ya Malindi au kwingineko, kinaweza kuleta hali hiyo hiyo. Uvimbe ndani ya ubongo pia. Na ubongo kukosa hewa safi.

Hilo la hewa lina kisa ambacho watafiti wamekirejea kwa miaka mingi. Mwaka 1988 mwanamke mmoja, anayejulikana katika maandishi ya kitabibu kwa herufi D.F. tu, alivuta hewa ya sumu ya kaboni monoksidi iliyovuja kwenye mtambo wa gesi wa kupashia maji ya kuoga. Alinusurika, lakini hakuweza tena kutambua umbo la kitu kwa kukitazama. Watafiti Melvyn Goodale na David Milner walimwekea kibao chenye tundu jembamba kama la sanduku la barua. Akiulizwa tundu limesimama au limelala, anabahatisha. Akipewa kadi aitumbukize, mkono wake unaigeuza kadi barabara na kuipitisha. Mkono ulijua jambo ambalo mwenyewe alikuwa halioni! Walichohitimisha, kwa lugha nyepesi, ni kwamba picha ikishafika kisogoni hugawanyika njia mbili. Ya chini hujibu swali la "hiki ni nini?" na ya juu huuongoza mwili: kiko wapi, nikishike vipi. Moja inaweza kufa nyingine ikaishi. (Na hewa hiyo ndiyo itokayo kwenye jiko la makaa. Wanaolala nalo chumbani madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi ya kusi wanacheza na kitu kibaya.)

Sasa turudi kwa nahodha wetu.

Alichonacho yeye kina jina: upuuzaji wa upande mmoja. Jina lenyewe si zuri sana, kwa sababu kupuuza kwetu ni tendo la makusudi, na hapa hakuna makusudi hata chembe. Ni kwamba ubongo umeacha kutuma umakini upande huo. Mara nyingi sana upande unaopotea ni wa kushoto, na aliyeumia ni ubongo wa kulia, kwa kuwa kila nusu ya ubongo hushughulikia zaidi upande wa pili wa mwili na wa mazingira.

Kwa nini basi wa kushoto ndio upotee zaidi? Maelezo yanayokubaliwa na watafiti wengi ni haya. Chukua nyumba yenye milango miwili na mabawabu wawili. Bawabu wa kwanza, ubongo wa kulia, huangalia milango yote miwili. Wa pili, ubongo wa kushoto, huangalia mlango wa kulia tu. Akiugua huyu wa pili, mwenzake anashika zamu na pengo halionekani sana. Akiugua wa kwanza, mlango wa kulia bado una mtu, ila wa kushoto hauna wa kuulinda. Ndiyo maana watu hawa hunyoa ndevu nusu shavu, huvaa mkono mmoja wa kanzu na kusahau wa pili, na katika vichochoro vyetu, ambapo punda wawili hupishana kwa shida, kiwiko cha kushoto hakiishi michubuko ya ukuta.

Usichanganye jambo hili na upofu wa nusu ya upeo wa macho, ambao nao huletwa na kiharusi. Ndugu hawa wawili hufanana, na wakati mwingine humpata mtu mmoja kwa pamoja, ila tabia zao ni mbali. Mwenye upofu wa nusu ni kama mtu ambaye taa ya chumba kimoja imezimika: anajua chumba kipo, anaingia na tochi. Baada ya muda utamwona anageuza kichwa mwenyewe kutafuta. Mwenye upuuzaji hana habari kwamba nyumba ina chumba hicho. Hawezi kutafuta asichojua kuwa kimepotea.

Wengine wana aina nyepesi inayowahadaa hata madaktari. Ukimwonyesha kidole kimoja upande wa kushoto anakiona. Ukimwonyesha viwili kwa mpigo, kushoto na kulia, anaona cha kulia tu. Ndiyo sababu mtu anaweza kufaulu vizuri kwenye chumba tulivu cha hospitali, halafu akaparamiwa na mkokoteni Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, mahali ambapo kila kitu kinataka kutazamwa kwa wakati mmoja.

Lililonishangaza mimi kuliko yote ni utafiti wa Milano, Italia, uliochapishwa mwaka 1978 na Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti. Waliwaomba wagonjwa wawili wenyeji wa mji huo waufikirie uwanja mkuu wa kanisa, wajione wamesimama wakiutazama mlango wa kanisa, kisha wataje majengo. Wakataja zaidi ya kulia. Wakaambiwa sasa jioneni mmesimama upande wa kanisa, mkitazama kule mlikokuwa. Wakataja majengo ambayo dakika chache kabla waliyaruka, na yale ya mwanzo yakapotea. Hapo hapakuwa na macho kabisa. Walikuwa wanatazama kumbukumbu.

Sisi tungeweza kuuliza hivi: toka mjini uende Shela kwa njia ya pwani, niambie unapita nini. Ukienda, bahari iko kushoto. Nahodha aliyeishi baharini miaka arobaini anaweza kukutajia kuta na milango, asikutajie bahari. Mwambie sasa unarudi, na majahazi yote yatamrudia, majumba yakazama. Ukiona hivyo, habari ya miwani imekwisha.

Kuna hitilafu nyingine, nizipitie upesi. Wapo wasiotambua vitu kwa kuvitazama: anaona chuma chenye meno, hajui ni ufunguo mpaka autikise au aupapase. Wapo wanaopoteza nyuso. Daktari Mjerumani, Joachim Bodamer, aliipa hali hiyo jina mwaka 1947. Mtu huyo anaona pua, anaona macho, lakini hajui ni mkewe mpaka mke aseme neno. Hapa sisi watu wa Lamu tuna mazoezi ambayo wengine hawana. Tumekulia kwenye mji ambao wanawake wengi hupita wakiwa na buibui na nikabu, na bado unajua yule ni shangazi, kwa mwendo, kwa sauti, kwa namna anavyoshika kikapu. Ndiyo njia hasa anayofundishwa mgonjwa wa nyuso. Na kuna hitilafu adimu mno, ya kutoona mwendo. Mwanamke mmoja aliyeelezwa na Josef Zihl na wenzake wa Munich mwaka 1983 alikuwa akimimina chai anaiona imeganda hewani kama barafu. Hakuweza kujua kikombe kinajaa lini. Mpe mtu huyo dele la kahawa barazani uone shughuli.

"Anajifanya"

Hapa ndipo familia huvunjika moyo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukimwambia mgonjwa wa upuuzaji kwamba haoni kushoto, wengi hukataa. Wengine hukataa hata kwamba mkono umepooza. Ukiuinua mbele yake anaweza kukuambia ni wa mtu mwingine. Daktari Joseph Babinski wa Paris aliipa hali ya kutojua ugonjwa wako jina lake mwaka 1914. Si uongo na si ukaidi. Sehemu ya ubongo ambayo ingemwambia "kuna kitu kimekosekana" imeumia pamoja na ile iliyokosa. Mkemee, mshindane saa nzima, utakachopata ni mzee mwenye hasira na wewe mwenye kichwa kinachouma. Mwonyeshe kwa kitendo: mshike mkono wa kulia, upeleke taratibu kushoto mpaka uguse samaki.

Habari za mapepo na kufanyiwa jambo sitazijadili kwa kirefu. Anayetaka kusoma dua asome, dua haikatazwi. Ninachokataa ni siku tatu za kwanza kwisha kwa mganga. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakichanganyika, huo ni wakati wa boti ya haraka. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi mpaka kichwa kipigwe picha kuhakikisha mshipa haukupasuka. Kwa mtu wa Faza au Kiunga, huko mbali na mji, saa hizo ni chache mno, nakiri. Basi zisipunguzwe zaidi na sisi.

Kukandwa nako. Mafuta ya nazi na mikono ya mkandaji aliyezoea hulegeza misuli na humfariji mgonjwa. Lakini hakuna mafuta yanayofundisha ubongo kutazama kushoto. Na tafadhali, asivutwe mkono uliopooza wakati wa kumwinua. Bega lililolegea huchomoka kwa urahisi, na maumivu yake humfuata kwa miezi.

Kumrudishia kushoto kwake

Kwanza wapimaji. Wataalamu wa tiba ya viungo, na hasa wale wa tibakazi wanaowafundisha wagonjwa upya shughuli za kila siku, wana vipimo ambavyo havihitaji umeme. Mstari uliochorwa kwenye karatasi: weka alama katikati, alama inakwenda kulia. Chora saa: namba zote zinajazana nusu moja. Ninachokipenda zaidi kilitoka Uswidi mwaka 1996, kazi ya Kerstin Tham na Richard Tegnér: mgonjwa hupewa vipande 16 na ubao, anaambiwa avipange kwa nafasi sawa kama maandazi yanayokwenda kuokwa. Mzima hujaza ubao. Mgonjwa hulundika upande wa kulia na kuridhika kabisa. Mama yeyote wa Lamu aliyewahi kupanga mikate ya mofa ataliona kosa kwa mbali.

Tiba yenyewe ina njia mbili, na watu huzichanganya. Moja ni kujaribu kuamsha uwezo uliolala. Nyingine ni kumfundisha mtu ujanja wa kuishi bila uwezo huo. Mwalimu mzuri hutumia zote.

Ujanja wa zamani zaidi, uliofanyiwa kazi New York tangu miaka ya 1970, ni nanga. Unaweka alama nyekundu pembezoni kushoto, na mgonjwa anafundishwa sheria moja: usianze kusoma mpaka umeiona nyekundu. Kwenye gazeti la Kiswahili inafaa sana, kwa sababu lugha yetu hubeba mambo mazito mwanzoni mwa neno. Mtu akikosa herufi za kushoto, "mkahawa" unaweza kuwa "kahawa", na "hakulipa" ikawa "kulipa". Hebu fikiria mtu huyo anasoma barua ya deni.

Msahafu ni kinyume. Mstari unaanzia kulia, kwa hiyo mgonjwa anaanza vizuri na kupotea mwishoni, anarukia mstari wa chini kabla hajamaliza wa juu. Watu waliokuwa wakisikiliza kisomo cha mzee wetu walidhani amesahau aya. Nanga hapo inabadilika kazi: usishuke mpaka umeifikia nyekundu. Msahafu hauchorwi, basi wajukuu walilaza utepe wa kitambaa chekundu kando ya ukurasa. Vitabu vingi vya tiba vimeandikwa na watu wanaosoma kutoka kushoto, na ushauri wao ukichukuliwa ulivyo hautufai sote.

Pili ni kuutumia mkono wa kushoto, hata kama unachoweza ni kutikisa kidole. Imeonekana kwamba harakati ndogo za mkono huo, ukiwa upande wake wa kushoto, huuvuta umakini kuja huko. Uwekwe mezani uonekane, usifichwe mapajani.

Tatu ni miwani, na hapa nacheka kidogo, maana mwanawe hakukosea jina la kifaa, alikosea aina. Mwaka 1998 Yves Rossetti na wenzake wa Ufaransa waliwavalisha wagonjwa miwani ya prizimu inayosogeza kila kitu nyuzi 10 kulia. Mgonjwa ananyoosha kidole kugusa kitu, anakosa, anajirekebisha kwenda kushoto, tena na tena. Miwani ikivuliwa, mwili unabaki na mwelekeo ule wa kushoto kwa muda. Matokeo ya mwanzo yalisisimua. Majaribio ya baadaye hayakukubaliana yote, na leo hakuna mtaalamu makini atakayekuahidi muujiza. Kwa vyovyote si miwani ya dukani.

Na familia ikae upande gani? Siku za mwanzo, zungumza naye ukiwa kulia, akuone, asishtuke, glasi ya maji na dawa viwe kulia anakofikia. Akipata nguvu, hamia kushoto kidogo kidogo, ukimwita mpaka ageuke. Wajukuu wa nahodha walikuwa wamezoea kumzungushia sinia akimaliza nusu. Ni huruma, na tumbo linashiba, ila shingo haifundishwi kitu. Sasa wanagonga ukingo wa kushoto wa sinia na kungoja.

Nina wazo langu mwenyewe, sikulisoma mahali. Mwisho wa kila swala tunatoa salamu kulia, kisha kushoto. Nilimtazama mzee: kulia shingo inafika, kushoto inaishia njiani. Imamu wetu alimwambia kwa upole ahakikishe ameliona bega la jirani yake wa kushoto. Mara tano kwa siku, kila siku, bila ada ya kliniki. Mtaalamu anayekuja kumwona alipoambiwa alisema endeleeni.

Muda je? Maendeleo ya haraka huonekana zaidi wiki na miezi mitatu ya mwanzo. Kutokana na ukweli huo watu wametunga uongo, kwamba baada ya miezi mitatu mlango umefungwa. Mlango hupungua upana, haufungwi; watu hujifunza mambo mapya hata baada ya mwaka. Kinachokwamisha ni uchovu. Ubongo ulioumia huchoka mapema, na dakika ishirini asubuhi zina faida kuliko saa mbili za kulazimishana jioni.

Mambo mawili hayaruhusiwi kwa sasa nyumbani kwake: jiko la moto akiwa peke yake, na usukani. La pili ndilo linalomuuma. Ameniuliza mara nne lini atashika chombo, na mara nne nimemwambia amuulize mtaalamu. Badala yake tunakaa gatini baada ya alasiri, uso baharini, namwambia ahesabu vyombo. Wiki iliyopita alihesabu vitano, navyo vilikuwa tisa. Juzi akafika saba, akanyamaza. Kisha akaigeuza shingo mpaka kidevu kikakaribia bega la kushoto, akakaza macho kuelekea kaskazini, akasema: "Na viwili vya Matondoni."